Jinsi ya kuanza kushika mkuki wa Kichina (na mipini mingine mirefu) bila kujitoboa

Wakuu, wengi wetu silaha za Kichina tumezijulia kwenye vibanda vya video, unabanana kwenye benchi mpaka usiku, jamaa kwenye skrini anazungusha mti kama feni na watu hamsini wanaanguka. Na mimi nilianzia hapohapo. Siku moja nikachukua mwanzi mkavu nikaanza kuzungusha uani, mzunguko wa tatu ukapasuka, kipande kikaruka mpaka dirishani kwa mwenye nyumba, na kibanzi kikaniingia kiganjani nikakitoa kwa sindano huku mwenye nyumba amesimama mlangoni ananitazama tu. Kioo nililipa.

Kwa hiyo huu mwongozo nauandika kwa mtu alie pale nilipokuwa mimi, anapenda, hana mwalimu karibu, na anataka kujua wapiganaji wa kweli wa kale walikuwa wanafanya nini na hiyo miti yao. Ila shika hili mapema maana nitalirudia sana: chuma kile cha mbele ndo kinapigwa picha, lakini kazi yote inafanywa na mti pamoja na mkono wa nyuma. Ukilielewa hilo, mkuki, lile panga la mpini mrefu, hata yale madude ya miaka elfu tatu iliyopita, yote utayasoma vizuri.

Na tusiweke chuma. Mti mtupu, ncha umeifunga kitambaa, basi. Sitaki kesi.

Hatua ya 1: anza na mkuki, hayo mengine yasubiri

Najua unataka lile panga kubwa la Guan Yu, yule shujaa wa kale wa China, subiri tutafika. Wachina mkuki wanauita qiang, soma kama "chiang", na wameupa cheo cha mfalme wa silaha mia moja. Wana na msemo mwingine, kwamba fimbo ni mwezi, panga ni mwaka, mkuki ni maisha yote, yaani huo ndo muda wa kujifunza. Sasa utauliza kama ni mgumu hivyo kwa nini tuanze nao? Kwa sababu mambo ya msingi ya mkuki ni matatu tu, unayaelewa leo jioni, ila kuyafanya sawasawa ndo kunakula maisha. Na majeshi ya China kwa karne nyingi yaliwapa watu wa kawaida mikuki, wakulima hao, wakafundishwa mambo machache wakaenda vitani, so usiogope.

Hatua ya 2: tafuta mti

Mti wanaoupenda kule wanauita baila, maana yake nta nyeupe, ni jamii ya mti unaoota sana kaskazini mwa China. Wanakata mche mzima ulioota umenyooka, hawachani ubao halafu wakachonga kama mpini wa ufagio, na hapo ndo siri ilipo, nyuzi za mti zinakwenda bila kukatika kutoka shinani hadi nchani kwa hiyo unapinda na kurudi, haukatiki ovyo. Upande wa shina ni mnene, upande wa ncha mwembamba. Wewe huku hutaupata, tafuta mti wowote mgumu wenye kunesanesa, ulionyooka, usio na vifundo vikubwa. Pwani fito za mikoko zipo ila ni nzito kidogo na nyingine zimepinda, chagua kwa macho. Mwanzi mkavu nimeshakwambia habari zake.

Urefu: simama, nyoosha mkono juu kabisa, ncha za vidole vyako ndo kipimo cha chini, hata kwenye mashindano ya wushu (sanaa ya mapigano ya Kichina) leo mkuki hautakiwi kuwa mfupi kuliko hapo. Vitani ilikuwa mirefu zaidi, ila kuna mwisho wake, kitabu cha kale cha mafundi wa China kinaitwa Kaogongji kinasema silaha isizidi mara tatu ya kimo cha mtu, ukizidisha hapo haitumiki na utaishia kuumiza watu. Mara tatu ya kimo ni kama mita tano hivi, jaribu kushika pondo la jahazi kwa mikono miwili halafu uliinue likae sawasawa kifuani kwa dakika moja, utaelewa walichomaanisha.

Unene wa kitakoni ujaze kiganja chako vizuri. Ukishika ukaona vidole vinaingia kiganjani hata vinabaki, huo mwembamba, mkono wa nyuma utachoka haraka kwa kubana.

Yale manyoya mekundu shingoni mwa mkuki ni ya farasi. Yanachanganya macho ya adui asione ncha iko wapi, pia yanazuia damu isitiririke kwenye mti ukateleza. Ukitaka funga hata uzi wa sufu mwekundu, inapendeza, na utaona kama ncha yako inachora duara au inachora yai.

Hatua ya 3: shika

Kwa mtu wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unakaa mbele na wa kulia unakaa nyuma kabisa kwenye kitako, usiache mti ukachomoza nyuma ya kiganja, kila sentimita unayoiacha nyuma umeipunguza mbele. Mkono wa kulia uko kwenye nyonga, umegusa mwili. Wa kushoto umenyooka nusunusu, kiwiko kimelegea.

Wenyewe wanasema mkono wa mbele uwe bomba, mkono wa nyuma uwe kufuli. Yaani wa mbele unaongoza tu, mti unapita ndani yake unateleza, na wa nyuma ndo umebana, ndo unasukuma, ndo unageuza. Wanaoanza wote wanafanya kinyume, mbele wamekaba kama wanakaba kuku, nyuma umelegea. Mimi miezi miwili nilikuwa hivyo, bega la kushoto linauma na sijui kwa nini.

Simama kiubavu, mguu wa kushoto mbele, magoti yamekunjwa kidogo kama unataka kukaa kwenye kigoda halafu ukaghairi. Ncha ya mkuki, ncha ya pua na ncha ya kidole cha mguu wa mbele viwe kwenye mstari mmoja, na hili nalo ni fundisho lao la zamani. Mkuki ulale sawa na ardhi, usielekee juu wala chini. Huo mkao wa katikati wanauita mfalme wa mikao ya mkuki, kwa sababu kutoka hapo unaenda popote.

Hatua ya 4: lan, na, zha

Haya ndo yale matatu. Nenda polepole hapa.

Lan. Unazungusha mti kuelekea kushoto, kinyume na mshale wa saa ukitazama toka kwako. Kiganja cha kushoto kinageuka kinatazama juu, cha kulia kinatazama chini, mikono yote miwili inageuka pamoja kama unafungua koki kubwa. Ncha inapanda kidogo inapita juu inaelekea kushoto inashuka. Kazi yake ni kuusukumia nje mkuki wa adui uliokuja upande wa mgongo wako.

Na. Kinyume chake. Kiganja cha kushoto kinalala chini, cha kulia kinatazama juu penye nyonga, ncha inazunguka kulia na kushuka, inaulalia mkuki wa adui uliokuja upande wa tumbo. Hii ina nguvu kuliko lan kwa sababu unakandamiza kwa uzito wa mwili.

Zha. Kuchoma. Mkono wa nyuma unasukuma, mti unateleza ndani ya mkono wa mbele mpaka viganja vinakutana, huku goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, kiuno kimegeuka. Kisha unarudi njia ileile. Kwenda kama mshale kurudi kama uzi, wanasema, na mkuki unachoma mstari mmoja. Ukiona ncha inacheza ikienda, bega lako la kulia linanyanyuka, lishushe.

Sasa duara la "lan" na la "na" lisiwe kubwa. Kwenye shule za wushu wanasema ncha isipite kichwa na isishuke chini ya nyonga, hicho ni kikomo cha nje, lakini mtu mzuri duara lake ni kama sahani ya chai. Kumbuka mti una urefu wa mita mbili na kitu, ukisogeza kitako kidogo tu ncha kule mbele inasafiri mbali. Na nguvu haitoki mikononi, inatoka kiunoni, kitako cha mkuki kimegusa nyonga kwa hiyo nyonga ikigeuka mti unageuka. Ndo maana wanakataza mkuki kuondoka kiunoni. Weka kiganja cha mkono mmoja kwenye nyonga yako sasa hivi hapo ulipokaa, geuza kiuno, ukiona kiganja kimesogea basi umeelewa.

Lan, na, zha. Mia moja kwa siku, polepole. Wiki ya kwanza utaona upuuzi mtupu, wiki ya tatu mti unaanza kutetemeka mwishoni mwa kila mchomo, kale kamtetemo kanatoka kwenye kile kiuno kupitia mti mzima, ukikapata kwa mara ya kwanza utacheka peke yako uani. Li Shuwen wa Cangzhou, yule bingwa wa Bajiquan (mtindo mmoja wa kupigana wa Kichina) aliyefariki 1934 na ambaye watu walimwita Mkuki wa Miungu, sifa yake yote ilijengwa juu ya mazoezi ya aina hii hii na mti mrefu mzito.

Hatua ya 5: shabaha

Hapa tunamkopa Jenerali Qi Jiguang (1528–1588), mtu wa enzi ya Ming aliyepambana na maharamia wa pwani, nitamrudia. Alikuwa anawapima askari wake wa mikuki hivi: ubao umesimamishwa, urefu kama mita moja na nusu na kidogo, upana kama shubiri moja, una matundu matano, la macho, la koo, la moyo, la kiuno na la mguu. Kila tundu kuna kijigololi cha mti cha kama sentimita tatu. Askari anasimama hatua ishirini, ngoma inapigwa, anakimbia anachoma, na lazima kigololi kitoke kimekwama kwenye ncha ya mkuki. Kukigusa tu haitoshi.

Sisi tutafanya la kitoto. Ning'iniza kizibo cha soda kwa uzi kwenye mwembe kimo cha kifua, simama, choma. Ukikipata mara kumi bila kukosa, anza kwa hatua moja. Halafu hatua mbili. Halafu mwombe mtu akisukume kiwe kinabembea. Mimi kukimbia hatua ishirini bado, nasema ukweli.

Hatua ya 6: fimbo, kwa kupumzika

Fimbo inaitwa gun, urefu wake angalau kimo chako. Mkuki unachoma mstari, fimbo inapiga eneo zima, hapo kuzungusha ruksa. Kila kitu ulichojifunza kwenye mkuki kinafaa, ongeza kupiga toka juu na kubadilisha ncha. Usidharau fimbo lakini, Yu Dayou, jenerali mwingine wa zama zilezile za Qi, 1561 alipita hekalu la Shaolin akawatazama wale watawa maarufu wakicheza fimbo akawaambia wazi kwamba wamepoteza mbinu za zamani, akaondoka na watawa wawili kuwafundisha upya kwa miaka mitatu. Fikiria unaenda Shaolin unawaambia hivyo.

Hatua ya 7: elewa silaha ya kuvuta

Hii si ya kufanya mazoezi, ni ya kuelewa, ila mimi ndo naipenda kuliko zote. Kabla mkuki haujatawala, China ya enzi za Shang na Zhou, miaka elfu tatu na zaidi iliyopita, silaha kubwa ilikuwa ge. Chukua picha ya upembo wa kuangulia maembe, halafu badala ya kigoe weka kisu cha bronzi, ile shaba iliyochanganywa na bati, kimekaa pembeni kama ulimi wa jembe. Adui yuko kwenye gari la farasi linapita kasi, unampigia toka juu kama unalima, au unamkosa makusudi unapitisha nyuma ya shingo halafu unavuta. Makali yako ndani upande wa kuvutia.

Baadaye wakaunganisha ge na ncha ya mkuki ikawa ji, inachoma na kuvuta. Kaburi la Yi, mtawala wa dola ndogo ya Zeng aliyezikwa miaka ya 430 hivi kabla ya Kristo, lilifukuliwa Suizhou jimbo la Hubei 1978, na ndani wakakuta ji zenye visu vitatu vimepangana kwenye mpini mmoja unaozidi mita tatu. Na mipini ya zama hizo hebu sikia ilivyotengenezwa, kiini cha mti, juu yake vijiti vyembamba vya mwanzi vimezungushwa pande zote, vikafungwa nyuzi za hariri, vikapakwa laka. Inanesa kama mwanzi lakini haichaniki kama wangu.

Sasa angalia akili ya mafundi. Kile kitabu nilichotaja, Kaogongji, kinasema mpini wa silaha ya kuvuta uwe wa umbo la yai na mpini wa silaha ya kuchoma uwe duara. Kwa nini? Ya kuvuta ikigeuka mkononi makali yanaenda upande mwingine umepiga kwa ubapa, mpini wa yai haugeuki, na kiganja kinajua makali yako wapi hata gizani. Ya kuchoma inatakiwa izunguke ndani ya kiganja, ile "lan" na ile "na" za juu, kwa hiyo duara. Nenda kashike mpini wa shoka la fundi mbao, utakuta yai. Shika mchi, duara. Watu wa mbali kabisa na wamefikia jibu lilelile.

Wale askari wa udongo wa Xi'an waliofukuliwa kuanzia 1974 nao walikuwa wameshika silaha za aina hii, ila mipini mingi imeoza, vichwa vya bronzi ndo vimebaki. Ndo maana makumbusho yanakuonyesha chuma, na watu wanadhani chuma ndo silaha.

Hatua ya 8: haya, panga la Guan Yu

Nilijua unasubiri. Guandao, au kwa jina lake la heshima yanyuedao, panga la mwezi mchanga. Bichwa zito, mpini mrefu, nyuma kuna kichuma cha kusawazisha uzito. Sasa Guan Yu mwenyewe alifariki mwaka 220, na lile panga picha zake zinaonekana kwenye kitabu cha kijeshi cha enzi ya Song kilichokamilika 1044, miaka zaidi ya mia nane baadaye. Historia rasmi ikieleza alivyomuua Yan Liang, jenerali wa adui, mwaka 200 inasema alimchoma katikati ya jeshi lake, halafu ndo akamkata kichwa. Alimchoma! Mtu na mkuki wake huyo, kwa maoni yangu. Riwaya ya Falme Tatu ndo ikampa panga la jin 82 (jin ni kipimo cha uzito cha Kichina), ukipima kwa jin ya Ming ni kama kilo 48, mfuko wa saruji huo unakosa kilo mbili.

Mapanga mazito kweli yalikuwepo lakini ya mtihani. Mitihani ya maofisa wa kijeshi ilianzishwa 702 na Malkia Wu Zetian ikafutwa 1901, na enzi ya Qing mtahiniwa alipewa panga la jin 80, 100 au 120 alizungushe kuonyesha nguvu, pamoja na kuvuta upinde na kunyanyua jiwe. Jin 120 ni kama kilo 70. Lilikuwa chuma cha mazoezi kama tunavyonyanyua vyuma gym, hakuna aliyelipeleka vitani.

Ukitaka kuonja: chukua mti wako mnene, funga kitu cha kilo moja upande wa mbele, kifunge kweli kweli. Mikono yote iko mbali kidogo kutoka kitako, imeachana upana wa mabega. Hapa usisukume, acha uzito uanguke halafu wewe unauongoza kwa kiuno, ukianguka upande mmoja tumia mwendo huohuo kuupandisha upande wa pili. Ukijaribu kulisimamisha katikati kwa mikono mgongo utakuomba talaka. Watoto na mbwa watoke uani kwanza.

Hatua ya 9: tafuta wenzako

Haya yote ya peke yako yana kasoro moja, vitani hakuna aliyepigana peke yake. Rudi kwa Qi Jiguang. Miaka ya 1550 na 1560 maharamia walikuwa wanaishambulia pwani ya Zhejiang, wengi wana mapanga marefu ya Kijapani na wanajua kuyatumia, askari wa Ming wanakimbia. Qi akaenda Yiwu akaandikisha wakulima na wachimba migodi, akawapanga kumi na wawili kumi na wawili, mpango wanauita bata wa mandarini, wale bata wanaotembea wawiliwawili.

Mbele kiongozi. Nyuma yake wawili wa ngao, ngao nyingine ya henzirani nyepesi, hao wawe wepesi wa miguu. Kisha wawili wenye langxian, na hii ndo silaha ya ajabu kuliko zote, ni mwanzi mzima mrefu wa mita nne na ushee na matawi yake yote bado yapo, una ncha ya chuma mbele. Haui sana. Unatikiswa usoni kwa adui, panga lake linanasa kwenye matawi, haoni, hafiki. Walipewa watu wenye nguvu, na hata mwoga akiushika anapata moyo maana amejificha nyuma ya kichaka. Kisha wanne wa mikuki mirefu, hao ndo wauaji, adui amenaswa na mwanzi mkuki unapita katikati ya matawi, zha, unarudi. Nyuma yao wawili wenye silaha kama uma wa meno matatu wanalinda wale wa mikuki, kwa sababu mkuki mrefu adui akishaupita ncha akaingia ndani huna kitu mkononi zaidi ya mti. Wa kumi na mbili mpishi.

Fanyeni watu wanne: mmoja na tawi kubwa la mnazi linalotikiswa, mmoja na mfuniko wa ndoo kama ngao, mmoja na mkuki wa kitambaa nchani, wa nne ndo haramia na fimbo fupi. Vaeni kitu machoni, hata miwani ya fundi kuchomelea. Haramia ajitahidi kumgusa wa mkuki. Sisi tulivyojaribu mara ya kwanza niliyekuwa haramia ni mimi, sikufika, dakika nzima nahangaika na makuti usoni na huku nachomwa mbavuni taratibu kabisa na dogo wa darasa la saba ambaye hajui "lan" wala "na", anajua kusukuma tu na kurudisha.

Ukimaliza usiegemeze mti ukutani, utapinda. Ulaze chini ya kitanda au uuning'inize wima toka kwenye kenchi, na mara mojamoja upake mafuta, kidogo tu, ufute vizuri, maana ukiteleza kwenye mkono wa nyuma tunarudi kwenye habari za dirisha.